Ng'ombe Niliyomupa Direkta

Keshero, Goma, siku ya Mungu, mwezi wa kumi 1957

Dada yangu Athanasie,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako pale Rutshuru. Magoti yako yanasema nini na hizi mvua? Yale mafuta niliyokutumia usiyapake kwa kuyahurumia. Paka mengi, yakiisha nitatafuta mengine, mimi niko. Nauliza pia migomba yako, na ule mbuzi mwenye kichwa kigumu, na jirani yako Mukamugema kama bado anasema mimi ni mutu wa maneno mengi. Umuambie nimemusalimia kwa maneno machache.

Sisi hapa tuko wazima. Dancille wangu anakohoa kidogo, lakini anakohoa huku akinigombeza, kwa hiyo ujue si ugonjwa. Mimi mwenyewe nguvu zinazidi kila mwaka, hata naanza kuziogopa. Juzi kamiyo ya sosiete yetu ya kahawa ilikwama kwenye matope, njia ya Sake, vijana wakasukuma mpaka wakakaa chini. Nikafika, nikaweka bega moja tu, ikatoka. Dancille anasema dereva alikuwa amekwisha kuwasha motere. Sawa, motere ilikuwa yake, lakini bega lilikuwa langu.

Nakusalimia na wewe, mwalimu Hitimana, katekista wetu, unayemusomea dada yangu barua zangu. Soma polepole, usiruke neno. Najua watu wa jirani wanaingia wakisikia kuna barua ya Ntirenganya wa Goma. Waache waingie, wakae. Saa ya kuwatoa nje nitakuambia mimi.

Dada, neno lako lilinifika kwa kinywa cha Marcelline, yule wa kuuza maharagwe. Uliuliza kitu kimoja: Théoneste, mwana wako, avunje ile kontra ya kazi aliyofungwa nayo na sosiete, ao abaki ndani yake? Na ukasema nijibu kwa kifupi. Umenibeba mugongoni tangu sijajua kutembea, na bado unatumaini mambo kama hayo. Acha nianze pale inapoanzia, ili hata Mukamugema aelewe.

Wote munajua namna mimi na Bwana Direkta tulivyokuwa. Wafanyakazi wanamuita Bwana Polepole, kwa sababu hapandishi sauti, hata akimufukuza mutu kazi anamufukuza kama anayemuaga. Ule mwaka lava ilipotembea mpaka ziwani upande wa Sake, wazungu wa sosiete walikuwa wamekwisha kufunga masanduku. Mimi nikabaki kwenye kahawa na fimbo yangu. Lava ikaja, nyekundu, inaunguruma kama tumbo la mutu mwenye njaa, ikafika mbele ya kiatu changu. Nikachora mustari chini, nikaiambia hapa ni pa sosiete. Ikafikiri kidogo, ikakata kushoto. Wengine wanasema ilikata kwa sababu pale kuna bonde. Bonde lilikuwa pale tangu zamani, mbona lava haikukata kabla mimi sijafika? Baada ya hapo Bwana Polepole alinipa ukapita wa kusimamia wafanyakazi, na kila asubuhi akipita ananiita kwa jina langu lote, Ntirenganya, bila kulivunja.

Basi, wakati ng'ombe zao za Ulaya zilipokuwa zinakufa kwa sababu ya kupe, akasema sosiete itasomesha kijana mumoja wa kwetu awe muganga wa ng'ombe. Vijana waliotaka walikuwa wengi. Mimi nikasimama nikasema kuna mutoto wa dada yangu ambaye ng'ombe ikikohoa, yeye anakuambia nyanya yake alikufa na nini. Wakamuchukua. Sosiete ilipe shule, miaka mine, na yeye akirudi aitumikie sosiete miaka kumi bila kwenda kwingine. Na Bwana Polepole alisema mbele ya watu wote, kwenye baraza ya biro, kwamba Théoneste akirudi na diplome, ng'ombe zote za sosiete zitakuwa chini ya mukono wake, na juu yake hakutakuwa na mutu isipokuwa yeye direkta. Kwa kuwa shemeji yangu alikuwa amekwisha kufariki, mimi ndiye niliyesinye pale pa baba. Niliandika jina langu kubwa mpaka likatoka nje ya mustari, na karani Édouard akasema muzee, inatosha.

Siku ile ile ndipo nilimupa Bwana Polepole ng'ombe yetu Gaju. Wewe ulilia, kwa sababu Gaju ilitoka kwenye uzao wa ng'ombe za baba. Lakini nilikueleza ukakubali. Sisi tunajua vile inavyokwenda. Watu wakipeana ng'ombe, haichinjwi. Inazaa, na siku moja ndama anarudi kwa yule aliyetoa, na toka hapo nyumba mbili zimefungwa pamoja. Mutoto wa huku ni mutoto wa kule, anayemugusa huyu amemugusa yule. Karatasi ilikuwa ya kwao, mimi nikaongeza kamba ya kwetu.

Nilisema kwa luga yetu maneno yote yanayosemwa. Nikataja baba, nikataja baba ya baba, nikataja Gaju na mama yake, jua likasogea. Édouard akamugeuzia Bwana Polepole kwa Kifaransa kwa maneno mane matano. Nikashangaa namna Kifaransa ni luga fupi. Bwana Polepole akanipigapiga begani, akasema ndiyo, ndiyo, asante. Na unajua kwetu mutu aliyepewa ng'ombe anaapa kwa jina la aliyemupa. Basi miaka yote ile mimi nilikuwa natega sikio. Bwana Polepole akikasirika, nilisema labda leo ataapa kwa Ntirenganya.

Théoneste alirudi mwezi wa saba. Wewe ulimuona na ile diplome, ukaishika chini juu, tukacheka. Lakini hukuona siku yake ya kwanza ya kazi. Alivaa koti jeupe, akachukua sanduku lake la sindano, akaenda kwenye zizi. Akakuta pale kijana muzungu, mutoto wa dada ya Bwana Polepole, aliyeshuka kwenye ndege siku chache kabla Théoneste hajarudi. Wafanyakazi wanamuita Bwana Mutoto. Hana diplome ya ng'ombe, wala ya kuku. Ng'ombe ikinyanyua mukia anaruka nyuma. Na yeye ndiye mukubwa wa zizi. Théoneste wakamupa bidoni za maziwa aoshe, na kamba ya kushika wakati Bwana Mutoto anachoma sindano. Anachoma pabaya. Théoneste akimuonyesha pa kuchoma, anaambiwa anyamaze ashike kamba. Ndama wakifa, inaandikwa kwamba mushika kamba alishika vibaya.

Mimi nilimuambia avumilie. Akanijibu, Mujomba, kuosha bidoni nilijua kabla sijaenda shule, mama alinifundisha bure. Nikamuambia Bwana Polepole ana mambo mengi, hayo hayajui, siku moja nitamunong'oneza. Akaniuliza kwa nini isiwe leo. Unamujua huyo mutoto wako, anauliza kama mutu wa Leta anayedai kodi. Nikamuambia neno la watu wakubwa halikimbizwi. Akasema kweli, na neno hili linatembea kama direkta mwenyewe.

Hapo ndipo akaingia Grégoire Kataliko, mufanyabiashara wa Butembo, yule mwenye kamiyo ya bluu anayeleta vitunguu hapa Goma. Ni Munande wa kweli, neno akilitoa amekwisha kulipima kwenye mizani. Siku moja alikuja kununua maziwa, akamukuta Théoneste anageuza ndama aliyekaa vibaya ndani ya tumbo la mama yake. Bwana Mutoto alikuwa amekimbia. Ndama akatoka muzima. Kataliko akangoja Théoneste anawe mikono, akamuambia shemeji yake, mume wa dada yake Kasoki, ana ng'ombe nyingi ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kwa Waingereza, na hana mutu wa kuziganga. Akasema kontra ya Wabelgiji inafika kwenye kizuizi cha Kasindi inasimama, kwa kuwa haina paspoti. Ni mara ya kwanza nimesikia habari ya Kataliko kufanya muzaha, na wanasema hata yeye hakucheka.

Kamiyo ingeondoka siku ya posho, jumamosi. Théoneste akienda, asingeweza kukanyaga tena huku mpaka ile miaka iishe, maana wangemufunga kama mutoro. Akibaki, ni bidoni. Na jina langu lilikuwa kwenye karatasi. Théoneste aliisoma upya mbele yangu. Imeandikwa kwamba kijana akitoroka, yule aliyesinye pa baba ndiye anayebeba. Anatoka kwenye ukapita, anatoka kwenye nyumba ya kambi, anafanya kibarua mpaka deni ya shule iishe. Mutoto wako akakunja karatasi akaniambia wazi, Mujomba, kama itakuangukia wewe, mimi nabaki. Sitaki kusikia hadithi, nataka kujua. Nikacheka. Nikamuambia angoje nikaongee na rafiki yangu.

Siku ya kazi tano, kesho yake ikiwa ile jumamosi, nikavaa koti langu la misa, nikachukua chupa ya pombe ya ndizi, nikaenda biro. Bwana Polepole aliponiona tu alisimama. Alinipa kiti chake mwenyewe, akakaa juu ya meza kama kijana. Tukanywa ile chupa kwa kupokezana. Nikamueleza habari ya zizi, akamulaumu sana Bwana Mutoto, akasema damu ya dada yake inamuaibisha. Kisha akatoa ile kontra, akapasua pale jina langu lilipo, akasema kwa ajili ya Gaju hawezi kumufunga mutoto wa Ntirenganya kwa kamba, Théoneste aende kwa amani, mutu asimuguse mujomba wake. Na aliapa kwa jina langu. Nilisikia kwa masikio yangu.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo. Théoneste ameondoka jana na kamiyo ya bluu, juu ya mifuko mitupu ya vitunguu, na mimi niko pale pale nilipokuwa. Nyinyi majirani muliosikia, muwaambie na wengine, na mukiongeza kidogo sitakasirika.

Sasa, mwalimu Hitimana, ni hapa. Washukuru watu, waambie barua imekwisha, watoke wote, na Mukamugema awe wa kwanza. Funga mulango. Yanayofuata unayasoma kwa sauti ya chini, kisha unayasahau kama unavyosahau ya kitubio cha wengine ukiyasikia ukutani.

Dada, haikuwa vile.

Kwanza ujue kwamba ndani ya biro ya Bwana Polepole nilikuwa sijaingia hata mara moja. Zile habari za kukaa naye mezani, za sigara aliyoniwashia, wewe ulizisikia kwangu, na mimi pia nilizisikia kwangu. Mimi nilikuwa mutu wa baraza. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mpaka barazani, ndipo akaita kutoka ndani kwamba nipite. Nikavua viatu mulangoni, nikaingia.

Miguu ilijua kabla ya macho. Nilikuwa nimesimama juu ya ngozi ya ng'ombe. Nikaangalia chini nikaona ile rangi, na lile doa jeupe karibu na bega, wewe ulikuwa unasema ni kama kiganja cha mutoto. Ni Gaju, dada. Wameitandika mbele ya meza. Pale katikati, viatu vimekwisha kumaliza manyoya.

Nilimuuliza Édouard kwa luga yetu, taratibu. Akajibu akiangalia mashine yake ya kuandika. Akasema waliichinja juma lile lile, kulikuwa na wageni. Nikamuuliza siku ile alimugeuzia nini kwa Kifaransa. Akasema hakuwa na nafasi ya kutaja baba zetu wote, alimuambia tu kwamba ng'ombe hii si ya kuchinja, ni ya urafiki. Bwana Polepole akajibu ndiyo, ndiyo, asante. Jioni akamuita mupishi.

Nikamugeukia Bwana Polepole. Nikasema tu naomba mutoto wangu aachiliwe. Bwana Polepole hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Alinieleza kwa ile sauti yake kwamba mutoto wa dada yake ni mutoto wa dada yake, na mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Ni kweli, ningefanya. Lakini ndiyo sababu nilimupa Gaju, ili mutoto wa dada yangu awe wa kwake pia. Akasema Théoneste anashika ng'ombe vizuri, sosiete haiwezi kumupoteza. Akasema siku ya kazi moja asubuhi, ndiyo kesho, Théoneste asipoitika jina kwenye zizi, niache ufunguo wa nyumba kwa Édouard, kisha niende kuvunja mawe ya lava pamoja na watu wa kibarua. Halafu akaniuliza kama watoto wangu wote ni wazima. Dada, sina mutoto. Miaka yote anaita jina langu bila kulivunja, na hicho hakijui.

Nilitoka na chupa yangu imejaa. Dancille aliniona tangu njiani. Nikamueleza habari ya ngozi. Akasema ningemupa yeye ile ng'ombe, angalau angenipa maziwa. Kisha akatandaza kitenge chini, akaanza kufunga sufuria. Mwanamuke huyu ananigombeza kwa chumvi, ananigombeza kwa kofia. Siku ya jambo lenyewe alifunga sufuria bila neno.

Alikuwa hajamaliza, Théoneste akaingia. Akauliza imekwendaje. Na mimi nikamuambia yote yale ambayo majirani zako wamesikia sasa hivi. Kiti, chupa, karatasi kupasuliwa. Nikaapa kwa kaburi la baba. Sijapata kueleza kitu vizuri namna ile. Hata nilipofika pale Bwana Polepole anaapa kwa jina langu, sauti ikanikatikia yenyewe, na ilifaa.

Sasa sikia kitu kinachonila. Huyu ni mutoto wa diplome. Ndiye aliyenisomea kontra kwa mudomo wake. Anamujua Bwana Polepole ni mutu gani, na mimi ananijua tangu anatambaa. Habari ya lava hajaiamini hata siku moja, kila mara ananiambia, Mujomba, toa nusu, tuamini nusu. Siku hiyo hakutoa hata robo. Hakuuliza kipande cha karatasi kiko wapi. Hakuuliza kwa nini chupa iliyonywewa imesimama pale mezani na kifuniko chake. Alinikumbatia, akasema asante Mujomba, akauliza kamiyo inaondoka saa ngapi.

Akaenda kukusanya vitu vyake. Alipokuwa anatoka, muguu wake ukagonga lile furushi la Dancille, sufuria zikalia. Akainama. Akalisukuma vizuri karibu na ukuta ili mutu mwingine asijikwae. Akatoka.

Nilitaka aende, usinielewe vibaya. Kama angekataa ningemubeba mwenyewe mpaka juu ya kamiyo, na hiyo si hadithi ya bega. Lakini nilitaka aniulize mara moja zaidi. Nimuambie uongo mara ya pili, naye aone kwamba ni uongo, tuangaliane, ndipo aende. Jana asubuhi pale barabarani alivaa lile koti jeupe, Kataliko akamuambia alivue, litachafuka na vumbi. Akasema acha lichafuke. Alikuwa anacheka. Alinipungia mukono mara nyingi. Bwana Polepole amenilia Gaju, lakini yeye si mimi niliyemufundisha kutembea, Théoneste ni mimi. Sijui kama mwana wetu aliniamini, ao aliona kwamba kuniamini ndiko kunakomufungulia njia. Sitamuuliza, na wewe usimuulize.

Kesho wataita jina lake kwenye zizi. Ufunguo nitaupeleka mapema, kabla hawajatuma mutu kuuchukua. Tutakwenda kulala Ndosho kwa Harelimana, shemeji ya Dancille, ana chumba kimoja kisichovuja sana. Usije. Usiuze mbuzi. Mikono yangu bado inafanya kazi, na hilo nalisema bila kuongeza. Barua hii anakuletea Marcelline mwenyewe, maana barua za posta Édouard anazipitisha mikononi mwake.

Dancille anakusalimia, anasema umuombee kifua. Nisalimie wote wanaoniulizia, na uwaambie nimenenepa. Mwalimu Hitimana, asante kwa macho yako, Mungu ayalinde.

Théoneste akikuandikia kutoka kwa Waingereza akauliza habari zangu, umujibu kwamba nyumba yetu wameipaka chokaa mupya, na Bwana Polepole ananisalimia kila asubuhi. Na kama anaandika na haulizi, hilo usilifiche. Niandikie mimi, hapo nitajua.

Ni mimi mudogo wako,
Ntirenganya